Ishara Arobaini za Kumshinda Shemeji Ercole

Jumamosi, 10 Agosti
Miaka sita mfululizo shemeji Ercole anabeba paja la nguruwe, zawadi ya mashindano ya karata ya sikukuu ya Mtakatifu Roko! Mifupa yote kaitundika getini, inatazama dirisha langu. Mwaka huu, thubutu! Kwenye karata zetu kumwashiria mwenzako ni halali, ila ishara ni zile zile za mababu. Hata padri anazijua. Nimebuni mpya: karata arobaini (vikombe, sarafu, panga na marungu, kumi kumi), ishara arobaini, hakuna mbili zinazofanana. Tatu ya vikombe: kuvuta sikio. Nne ya vikombe: kupiga chafya. Mimi ni hatari.

Jumapili, 11 Agosti
Nimemfundisha Oreste kinyozi, mwenzangu mezani. Kashika kumi na tisa. Akauliza kwa nini chafya. Nikamwambia ajifunze, asihoji.

Jumanne, 13 Agosti
Balaa! Oreste kateguka mgongo. Atacheza mama yake, Bi Zelinda, miaka sabini na minane. Oreste kamfundisha akiwa kitandani; alizosahau kazijazia mwenyewe, vikombe vyote vikahamia puani. Mama kazipanga zilizobaki: sikio sarafu, kidevu panga, shavu marungu. Unagusa mara moja kwa karata ya moja, mara mbili kwa ya mbili.
“Ubaldo mwanangu, zako hazikuwa na kichwa wala miguu.”
Kazi yangu ya sanaa! Nilizijua zake kwa dakika tano. Nikaudhika zaidi.

Alhamisi, 15 Agosti
Misani kwaya nzima inajigusa nyuso na kucheka. Bi Zelinda anaapa alimfundisha mmoja tu.

Ijumaa, 16 Agosti
Fainali, baani. Ercole hakufundishwa na mtu, naapa. Alitutazama raundi mbili tu. Ya tatu, Bi Zelinda akajigusa pua mara saba, ishara ambayo hatukuwa tumeitumia bado.
“Saba ya vikombe, mama?” akauliza Ercole.
“Ndiyo, mwanangu,” akajibu yule bibi.
Baa nzima ikaanguka kwa kicheko. Nikacheka hata mimi, Mungu anisamehe. Tumefungwa. Ercole akalikata paja pale pale, akatulisha wote. Tamu mno!

Jumamosi, 17 Agosti
Mfupa wa saba uko getini. Baa nzima inacheza kwa pua na masikio, na wanaziita ishara za Zelinda. Za Zelinda!
Kosa nimeliona: zilikuwa chache. Mwakani ishara themanini, mbili kwa kila karata. Bi Zelinda kakubali, na nimemwapisha asipange chochote. Leo tumeanza. Ya tano nimeisahau mwenyewe, lakini yeye hajui.