Mkufunzi wa Kusikiliza

Tahiri alikuwa anakunywa kahawa Chumbageni alipomsikia Bwana Marhun, mwenye kiwanda cha mafuta ya nazi, akilalamika kwamba wafanyakazi wake hawasikilizani. Kabla kikombe hakijapoa, Tahiri alikwisha kuwa mkufunzi wa mawasiliano kazini.

Jumamosi akawapeleka Pangani, kando ya mto, watu kumi na wawili na tajiri wao. Akawaeleza kwa upole wa mcha Mungu kwamba simu ni adui wa masikio. Zote zikatiwa kapuni, kapu likafungiwa kwenye gari lake. Na tumpe haki yake, michezo ilikuwa mizuri: mmoja anafungwa macho kwa leso, mwenzake anamwongoza kwa sauti tu. Mhasibu na dereva, wasiosalimiana tangu Ramadhani, walimaliza wakicheka pamoja.

Mchezo wa mwisho ungekuwa wote kufungwa macho na kusikiliza kimya kwa nusu saa. Kabla ya hapo Tahiri akajitenga nyuma ya gari, akampigia mnunuzi wake wa Muheza, akamwambia kwa Kibondei kwamba simu kumi na tatu ziko njiani. Upande wa pili wa gari, Sabra, karani wa kiwanda, alikuwa anakung'uta mchanga viatuni. Bibi yake Sabra ni Mbondei.

Sabra akamnong'oneza tajiri. Bwana Marhun, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumwacha amalize sentensi, safari hii alimwacha.

"Mwalimu, tuonyeshe mfano wewe kwanza," Sabra akasema. "Mimi nitakuongoza."

"Na vya mfukoni utoe," akaongeza tajiri. "Kanuni ni yako."

Angekataaje? Funguo, simu, pochi, vyote akamkabidhi tajiri. Akafungwa macho. Sauti ya Sabra ikampeleka mbele, kushoto, kisha ikamwambia apande. Chini ya nyayo akasikia chuma. Akaambiwa ni jukwaa, ili wote wamwone vizuri.

"Simama hapo, usifungue mpaka unisikie."

Akasimama kifua mbele, akitabasamu. Injini ikanguruma, watu wakanong'ona karibu yake, sakafu ikatikisika. Yeye akatulia, maana ada yake ilikuwa haijalipwa. Mwishowe mama mmoja akamuuliza kwa huruma kama anaumwa macho.

Tahiri akavua leso. Alikuwa katikati ya mto, juu ya pantoni iendayo Bweni. Ng'ambo alikotoka, gari lake lilikuwa wazi na watu wanagawana simu zao. Akapiga kelele mpaka koo likamkauka.

Sabra akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Nauli alikwisha kumlipia, ya kwenda tu.