Mabaka Yangu na Washenga wa Matai

Jumamosi, 3 Julai 1976

Leo naanza. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima katuambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, mkono usisahau. Wenzangu wanaandika leo nimelima. Mimi nina mambo!

La kwanza, mabaka. Yamerudi. Tangu ulezi ukiwa mchanga shambani mpaka sasa tunavuna, yananitembelea kama mkwe asiye na haya. Asubuhi tumbo safi. Mchana limejaa mavimbe mekundu, jioni yamehamia mapajani, kesho hayapo. Yanawasha! Nimejikuna kwa gunzi la hindi mpaka mke wangu Bertilla akaninyang'anya.

La pili, washenga kutoka Matai wanakuja Jumapili ya wiki ijayo kumposa mjukuu wangu Hilaria. Baba yake alifariki yeye akiwa anatambaa, nimemlea mimi. Kwa hiyo kiti cha mzee wa nyumba ni changu. Cha nani mwingine? Kwenye kiti kile mzee hasemi. Msemaji wa wageni ndiye anasema, mzee anainamisha kichwa tu. Kichwa kikishuka, neno limekubaliwa, halirudi. Mimi nina kichwa kizuri sana kwa kazi hii.

Jumatatu, 5 Julai

Leonsi! Mdogo wangu huyu, tumbo moja! Leo tunakata ulezi kwenye shamba la kijiji, kanisema mbele ya watu. Eti kaka yake ana ugonjwa wa kuambukiza. Eti wageni watatiaje mkono bakuli moja na mtu kama yule, si watarudi Matai na posa yao? Bora yeye akae kitini, mimi nikae ndani na bakuli langu peke yangu. Watu wakaanza kusogea. Hata Ndugu Mwenyekiti akahamia mstari mwingine.

Nikavaa koti langu la jeshi, lile nililorudi nalo kutoka vita vya Burma, nikakaza mkanda ili yasionekane. Jua likapanda. Chini ya mkanda mabaka yakasimama kama matuta. Sikujikuna, mimi ni askari. Nilijisugua kidogo tu kwenye mkokoteni. Ng'ombe akanitazama. Wakacheka.

Hilaria karudi nyumbani analia. Anasema watu wa Matai wakikataa, jina litabaki kwake, binti wa nyumba yenye ugonjwa, na hakuna mwingine atakayepiga hodi. Nikamwambia atulie. Babu yake hajashindwa tangu azaliwe.

Jumanne, 6 Julai

Nimemkamata mbaya wangu! Ni migebuka. Siku zote nakula migebuka mikavu inayoletwa kutoka ziwani. Nimepiga marufuku samaki. Nikafikiri zaidi, nikapiga marufuku maharage. Halafu karanga. Bertilla kauliza sasa nitakula nini. Nikasema ugali na chumvi. Kaniletea ugali na chumvi. Wao wakala migebuka mbele yangu, wananyonya na vichwa.

Jioni mabaka yakaja makubwa kuliko ya jana. Kumbe ni chumvi!

Alhamisi, 8 Julai

Nimekwenda zahanati. Si kwa kupenda, Hilaria kanishika mkono. Mganga mwenyewe binti tu, Agnesi, lakini kaniamkia shikamoo vizuri nikamsamehe ujana wake. Kapitisha ukucha mgongoni kwangu, mstari ukavimba palepale. Kasema haya hayaambukizi hata kidogo. Mtu anaweza kula nami bakuli moja mpaka azeeke.

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia aje aseme hayo kwa mdomo wake, Leonsi akiwepo.

Kisha akaanza maneno mengi. Chanzo mara nyingi hakijulikani. Yanaweza kukaa miezi, hata mwaka na zaidi, halafu yakaondoka yenyewe. Chumvi haina kosa. Niache kujikuna, niache koti na mkanda wa kubana, niache pombe kwa sasa, na yakiwasha niweke kitambaa cha maji baridi. Kanipa vidonge. Kimoja jioni, kila siku, hata siku ambayo mabaka hayapo. Kisizidi, maana vinaleta usingizi.

Nimemwelewa kabisa. Ila hapo pa kila siku kakosea. Askari hafyatui risasi wakati adui hayupo. Vidonge navitunza kwa ajili ya Jumapili.

Kitambaa nimejaribu, maji ya mtoni, baridi kama barafu. Utamu! Nimewaambia majirani ni uvumbuzi wangu.

Jumamosi, 10 Julai

Agnesi kaja! Kasimama penye kupura ulezi, kasema mbele ya watu wote kwamba mwili wangu hauna cha kumwambukiza mtu. Leonsi kauliza mbona unatisha basi. Agnesi kamjibu kwamba kutisha si ugonjwa. Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Kiti ni changu!

Nimesherehekea kidogo kwa pombe ya ulezi. Kata moja haihesabiwi. Ya pili ilikuwa ya kuisindikiza ya kwanza. Ya tatu kanipa Leonsi mwenyewe, kwa heshima.

Jua halijazama, mabaka yamefika masikioni.

Jumapili, 11 Julai

Ushindi!

Asubuhi masikio yalikuwa kama uyoga na wageni wako njiani. Nikatoa vidonge. Kimoja ni cha mtu wa kawaida. Nikameza vinne, nikavaa koti, nikakaa kitini juani. Mabaka yakaanza kushuka, nayaona yanakimbia!

Wageni wakafika. Mkubwa wao anaitwa Evaristi, mtu wa maneno mengi na sauti laini. Tukanawa, tukala bakuli moja, mkono wake na wangu. Hilaria alikuwa anachungulia kutoka jikoni, uso unang'aa. Moyo wangu ulijaa.

Kisha mazungumzo yakaanza. Evaristi alianzia mbali, tangu mababu zao walipohamia Matai. Sauti tamu. Jua tamu.

Halafu watu wanapiga makofi. Akina mama wanapiga vigelegele. Evaristi kanishika mikono yote miwili, anasema maisha yake yote hajaona mzee mwepesi namna hii. Posa imekubaliwa! Nimefanya kazi nzuri sana, ingawa sehemu ya katikati sikumbuki vizuri.

Jumatatu, 12 Julai

Inasemekana niliinamisha kichwa mara nyingi.

Bertilla hakusema nami mpaka mchana. Alipoanza hakunyamaza. Evaristi aliomba ng'ombe wa bibi asamehewe, yule wa kumshukuru Bertilla kwa malezi. Nikainamisha. Aliomba pombe yote ya arusi ipikwe na nyumba yetu. Nikainamisha. Aliomba dume jekundu la Leonsi lichinjwe wageni wale. Hapo niliinamisha mara mbili.

Leonsi kaja mlangoni, anadai dume lake. Anataka nikaseme mbele ya wazee kwamba nililala. Nikisema hivyo maneno yote yanavunjwa, wanaanza upya, yeye akiwa kitini. Nikamwambia sikulala. Nilikuwa nafikiri.

Alipoondoka, Hilaria akaniletea kitambaa cha maji, akakiweka shingoni mwangu. Akasema polepole, "Babu, ulikuwa unakoroma. Nilitwanga kinu kitupu wasikusikie."

Nikamuuliza mbona basi hakuniamsha.

Akacheka. "Nikuamshe ya nini? Ulikuwa unakubali vizuri."

Halafu hakucheka tena. Kasema maneno yakivunjwa, watu wa Matai hawarudi. Anampenda yule kijana.

Basi jioni wazee walipokuja kuuliza, nikawatazama usoni. Sikulala! Kila kichwa kilichoshuka nilikishusha mwenyewe. Bertilla akatoka nje akaufunga mlango kwa nguvu.

Agnesi naye kafika, kanigombeza kama mtoto. Kasema vinne kwa mkupuo vingeweza kunilaza moja kwa moja. Vidonge sasa anatunza Bertilla.

Ijumaa, 16 Julai

Bertilla ananipa kidonge kimoja kila jioni, ananisimamia mpaka nimeze. Siku hizi mabaka hayajaonekana. Ni dhahiri, furaha ya ushindi imenitibu. Jana nikaficha kidonge chini ya ulimi, nikamtemea jogoo, nikaenda kwenye pombe. Leo yapo mgongoni. Nashuku maboga.

Lakini habari kubwa! Leo kaja mtu kutoka Pito. Kijana wao anamposa binti wa jirani yangu Theodory. Sifa zangu zimewafikia. Wanaomba, wao wenyewe, upande wa mwanamume, kwamba kwenye kiti cha wazee wa binti nikae mimi. Theodory kashika kichwa kwa mikono miwili. Leonsi kacheka mpaka akakaa chini. Wivu!

Ufipa nzima, mzee gani amewahi kuombwa na upande wa pili? Nimekubali papo hapo. Nimeinamisha kichwa, macho wazi kabisa, waone kwamba hata hivyo naweza.