Nyota Chini ya Mdomo wa Bomba

Jumanne, 4 Juni
Ukuta wa chumbani umelowa tena. Mdomo wa bomba la hodhi letu la kuogea unavujia kwa nyuma. Mke wangu katoa hukumu: nisipoubadilisha kufikia Jumamosi, hodhi litang'olewa apewe kaka yake. Shemeji ni mwashi. Anataka kuchanganyia saruji! Hodhi langu! Mahali pekee katika nyumba hii ambapo mtu anaweza kulala chali akawaza, bila kuulizwa anawaza nini.

Nimenunua mdomo mpya. Unang'aa. Ndani ya boksi kuna skrubu moja ndogo, nadhani zawadi ya duka. Nimeitia mfukoni. Ule wa zamani unazungushwa tu, unatoka. Dakika kumi.

Jumatano, 5 Juni
Haukutoka. Nimezungusha kwa mkono, kwa taulo, kwa spana. Kitu kikalia ukutani kama mbuzi. Nikaacha. Haraka haraka haina baraka. Nimepaka mafuta ya kupikia kwenye maungio, nikaingia hodhini na mto wangu kusubiri yapenye. Hodhi kavu, nguo zote mwilini. Mwanga wa kidirisha ulikuwa ukitambaa polepole kwenye vigae. Nikajiona naelea katikati ya ziwa, hakuna anayeniita. Tumboni mwa mdomo wa bomba, juu tu ya pua yangu, kuna kidoa cheusi cha duara. Nimekifanya nyota yangu ya safari.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kapita, eti kusalimia. Kasalimia na futi mkononi. Kapima hodhi, kapima mlango, kasema litapita kwa ubavu. Nikamwambia bomba limeshalegea, bado kidogo tu. Akalishika, akacheka, akamaliza chai yangu.

Alipoondoka nikalimwagia bomba maji ya moto. Nimeunguza kidole gumba. Nikalala hodhini kukipumzisha. Nyota ipo palepale. Ziwa leo lilikuwa shwari kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeota mdomo umetoka wenyewe, kwa hiari, ukaniomba radhi. Nikafumbua macho: mke wangu mlangoni na mwiko, anauliza kama siku hizi spana inafanya kazi peke yake. Nikajibu kwamba fundi hutanguliza akili. Akasema akili hiyo imelala na soksi.

Kusema kweli naogopa. Nikifumba macho naona beleshi likikwangua saruji pale ninapoweka kichwa.

Jumamosi, 8 Juni
Mkokoteni mlangoni! Nikakimbilia hodhini, nikakataa kutoka. Shemeji akasema si neno, atanibeba humohumo, alishabeba vizito zaidi. Mke wangu akaniuliza, kwa upole ambao sijauzoea, kwani humu mna nini. Nikamwambia aingie ajionee. Nikampisha. Akajilaza. Akatazama juu mpaka shemeji akaanza kukohoa. Kisha akauliza hii skrubu hapa juu ni ya nini.

Nyota yangu!

Shemeji akatoa bisibisi, akaizungusha kidogo, mdomo ukachomoka kama kandambili mguuni. Mpya ukaingia. Wakatafuta skrubu yake. Nikaitoa mfukoni taratibu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Hata tone halivuji. Mkokoteni umeondoka mtupu! Mvumilivu hula mbivu.

Mke wangu akasema ngoja aujaribu kidogo. Akajaza maji ya moto, akafunga mlango kwa ndani. Hiyo ilikuwa mchana. Sasa jua linazama na namsikia anaimba. Nimebisha hodi. Nimeulizwa nataka nini.

Nimekaa koridoni na mto wangu, nakitazama kitasa. Nimeshapata mpango. Kinazungushwa tu, kinatoka. Dakika kumi. Kina skrubu mbili, ila hizo nadhani ni pambo.