Siku Nilipomkalia Bosi Chini ya Maji

Leo nimemkalia bosi wangu chini ya maji. Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kulipamba huko mbele. Niko saiba, kwenye kompyuta za kukodi, hapa Machakos mjini, nywele bado zinanuka dawa ya bwawa, na sina uso wa kumtazama mtu tangu sasa mpaka nizikwe.

Kwa wale hamnijui: huu ni mwaka wa nne nikiwa kibarua katika kampuni ya helikopta za kupeleka chakula cha msaada. Kazi yangu ni magunia. Napakia, helikopta inapaa, mimi nabaki chini nikila vumbi. Juzi bosi, Bwana Kilonzo, akatuita mimi na mwenzangu Kanini. Akasema tukipita mtihani wa maji tunaandikwa kazi ya kudumu na tunaanza kuruka kama wahudumu wa ndani. Tukianguka, magunia yapo.

Nikampigia mama kule Kangundo. Mama hakungoja matokeo. Alitangaza kanisani, akanunua mbuzi, na Jumapili hii kuna ibada ya shukrani nyumbani kwetu. (Sawa, ni mimi nilimwambia nimeshapita. Nilimaanisha nimekaribia kupita.)

Mtihani wenyewe uko hivi. Kuna bwawa refu, lenye kina, huko karibu na Kyumbi. Juu yake, kwenye winchi, kunaning'inia kibanda cha chuma chenye viti na madirisha, mfano wa tumbo la helikopta. Mnakaa ndani, mnafunga mikanda, mnashushwa majini, kibanda kinapinduliwa miguu juu, nanyi mnatokea madirishani. Ni mazoezi ya siku helikopta ikianguka ziwani. Nilipomweleza mama akasema, "Maji yote hayo ni ya kutishia watu tu? Si wangetuletea huku tunyweshe ng'ombe."

Kuogelea najua. Nilijifunzia kwenye silanga, lile bwawa la ng'ombe, nikapigwa kwa ajili hiyo, na kiboko hakikunitoa majini. Kwa hiyo maji hayakunitisha. Kilichonitisha ni mkanda.

Mwalimu wetu, Mzee Salim, ni baharia mstaafu kutoka Pwani. Alitupa kanuni mbili tu. "Kwanza, shikeni ukingo wa dirisha lenu kabla ya kuzama, na ukishika usiachilie, hata iweje. Pili, msifungue mikanda mpaka kila kitu kitulie. Asiyefungwa huelea ovyo humo ndani akawazibia wenziwe njia. Tumefahamiana?"

Tukasema tumefahamiana.

Kanini akatangulia. Alizama, akapinduliwa, akatokea juu akapangusa uso kama mtu aliyetoka kunawa. Ikafika zamu yangu. Na hapo Bwana Kilonzo naye akavaa ovaroli akaingia. Cheti chake kilikuwa kinaisha, na bila hicho hata yeye haruki. Tukakaa bega kwa bega, mimi dirisha la kushoto, yeye la kulia.

Mkanda wa kule si mchezo. Ni kamba nne zinazokutana kifuani kwa chuma kizito. Nikakitazama kile chuma, nikajiuliza: kikikataa kufunguka je?

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho nyote mnakijua, ila hamtanitetea. Tangu sheria ya mikanda ije, sisi tunaosafiri kila siku kwa matatu, zile gari za abiria, tuna njia yetu. Mkikaribia polisi, kondakta anasema, "Mikanda, jameni." Kila mtu anaokota kamba chafu, anailaza kifuani, ncha anaificha kwa mkono. Polisi anachungulia, anaona kamba, anawapungia mpite. Mkipita, kamba zinaanguka. Nimefanya hivyo asubuhi na jioni na sijawahi kukamatwa. Mimi ni fundi.

Basi nikazilaza zile kamba nne kifuani. Ncha nikazifumbata kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikashika dirisha. Hesabu yangu ilikuwa nitatoka kabla ya wote, waandike jina langu kabla ya mengine.

Mzee Salim akachungulia dirishani. "Mikanda tayari?"

"Tayari," akasema bosi.

Mimi nikainua dole gumba, nikavaa ile sura yangu ya mbele ya polisi. Mzee akatazama kamba. Akapita. (Nilijipongeza. Naapa nilijipongeza.)

Kibanda kikashuka. Maji yakafika magotini, kifuani, shingoni. Nikavuta pumzi, nikafumba macho. Kisha kikaanza kupinduka, na kikapindukia kulia, upande wa bosi.

Polisi wa barabarani hapindui gari. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nilitoka kitini kama gunia lisilofungwa, na mimi magunia nayajua. Mkono ukachomoka dirishani. Nikatua juu ya kitu laini. Hapo ndipo kanuni ya Mzee Salim iliponijia: ukishika usiachilie. Nikapapasa, nikapata ukingo, nikaukamata kwa mikono miwili, nikatulia kama mwanafunzi mwema. Nilishangaa kidogo tu kwamba dirisha lina ndevu.

Bosi yeye alikuwa amefungwa vizuri, kwa sababu bosi hufunga. Lakini kile chuma cha kufungulia kilikuwa chini ya makalio yangu. Alinipiga ngumi. Nikadhani ni mtikisiko wa winchi. Akanipiga nyingine. Nikakaza mikono.

Wapiga mbizi waliokuwa wakitulinda majini walitutoa wote wawili. Walilazimika kunibandua kidole kimoja kimoja.

Tulikalishwa ukingoni na mataulo. Bosi alikohoa muda mrefu. Kanini alitazama milima. Mzee Salim akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mwanangu, mkanda ulifunga?"

"Nilikuwa nimeushika, mwalimu."

"Umeushika."

"Vile tunafanyanga kwa matatu. Polisi akichungulia."

Nikasikia winchi ikidondosha maji.

"Mimi nimekaa baharini miaka mingi," akasema Mzee Salim. "Nimeona watu wakiogopa, nimeona watu wakizirai. Mtu wa kuidanganya ajali sijawahi kumwona."

Akaandika kwenye karatasi yake. Kanini amepita. Mimi nimeanguka. Na bosi ameanguka pia, maana kanuni ni kanuni: hakutoka mwenyewe. Alitakiwa kuruka kesho kutwa, na sasa haruki tena. Atarudia mtihani Alhamisi. Mimi sikutajiwa siku.

Kwenye gari la kurudi mjini nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya Bwana Kilonzo. Nikakaa. Akafunga mkanda wake. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, akavuta wangu, akanifunga, akauvuta kuhakikisha kama mtu anayefunga mbuzi. Neno hakusema mpaka tunashuka. Afadhali angenitukana. Miaka minne yote nilikuwa naombea mtu huyu anitambue.

Nimempigia mama sasa hivi, nikamwambia ukweli wote. Alisikiliza.

"Kwani mkanda haukuwako?" akauliza.

"Ulikuwako, mama."

Nikasikia mbuzi akilia nyuma yake.

"Mbuzi amefika," akasema. "Na watu wa kanisa nimewaambia. Siwezi kuwarudisha. Tutashukuru tu kwamba huyo mzee wa watu, bosi wako, hukumuua. Mwambie aje Jumapili tumwombee, Musyoki. Na umwambie wewe mwenyewe."

Kwa hiyo msinicheke. Nisaidieni tu maneno ya kumwalika mtu ambaye shingo yake bado ina alama za vidole vyangu.