Mwezi wa Ukubwa wa Haragwe

Jumanne, 30 Septemba

Zamu yangu ya kamera ya klabu ya picha. Mwalimu Aloys ametangaza: picha bora ya mwezi itakwenda kwenye maonyesho Mbarara, na aliyeipiga atakaa na kamera mwaka mzima. Mwaka mzima!

Jioni nikasimama uani, nusu ya mwezi juu ya paa letu. Nikazungusha lenzi, mwezi ukajaa kioo. Kabla sijabonyeza, ukarudi kuwa mdogo kama haragwe. Nikauvuta tena. Haragwe. Mara sita! Lenzi inajirudisha yenyewe. Mama akasema niache kuhangaika, mwezi iko pale tangu kwetu Uvira, haitakimbia.

Mama hajui. Jana kamera ilikuwa kwa Doriane, mwenzangu wa klabu. Aliirudisha akitabasamu. Nani hurudisha kitu akitabasamu?

Jumatano, 1 Oktoba

Zamu ya Doriane. Nikaenda kwao Kashojwa, eti kumsalimu. Alikuwa anampiga picha muuza chapati. Nikauliza, kwa ujanja mkubwa, kama lenzi haijawahi kumtoroka. Akasema hapana, dada, labda wewe unaifokea. Yeye huiambia silvuple, tafadhali ya Kifaransa. Muuza chapati alicheka hadi chapati ikaungua.

Ushahidi umekamilika.

Alhamisi, 2 Oktoba

Zamu yangu tena. Nimeipeleka kamera Ruti, kwa fundi Gatete. Mama nilimwambia naenda sokoni Rwekubo kununua sabuni.

Fundi akaielekeza kamera ukutani. Lenzi imetulia. Mlangoni. Imetulia. Nilitaka kulia. Akaielekeza darini, nayo ikateremka taratibu kama mzee anayeketi. Ni nzito tu, akasema; ikitazama juu, uzito wake unairudisha. Eti niivute kwanza, kisha niifunge kwa mpira. Au niupige mwezi unapochomoza, ukiwa bado chini.

Nikashukuru. Sikuamini. Uzito gani huo unaonichagua mimi Nabintu peke yangu? Lakini wazo la mpira nimelipenda.

Sabuni nimesahau. Mama ameuliza mara nne.

Jumamosi, 4 Oktoba

Zamu yangu ya mwisho. Jirani yetu Modeste, anayeuza maji kwa baiskeli, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, baiskeli ameiegesha nje ya kanisa. Nikaazima ule mpira wa tairi anaofungia mabidoni, madumu yake ya maji. Nikauzungusha kwenye lenzi mara nne, nikakaza kwa meno, nikaelekeza juu. Haikusogea hata kidogo! Nikacheza uani peke yangu. Nikapiga picha thelathini.

Kisha nikaziangalia. Nimefunga kabla ya kuvuta. Picha thelathini za haragwe lililotulia kabisa.

Modeste akaja, suruali imelowa hadi magotini. Mabidoni yote yameanguka mbele ya kanisa. Akautazama mpira wake, akanitazama mimi, akauliza mabidoni yake yameukosea nini mwezi. Nikajaribu kumfungulia. Fundo limekataa.

Hapo nikapata wazo. Kamera nimeirudisha kwa mwalimu na fundo lake. Jumatatu ni zamu ya Doriane, mwezi mpevu. Aliambie fundo silvuple!

Jumanne, 7 Oktoba

Doriane ameshinda.

Fundo alilifungua kwa kijiti. Akavuta lenzi, akaifunga upya, akangoja barabarani mwezi uchomoze. Nani akapita? Modeste, na mabidoni yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mwezi nyuma yake kama sinia! Kisha Doriane akasimama mbele ya klabu nzima, akamshukuru dada Nabintu kwa kumwachia mpira. Wakanipigia makofi. Nikainama kidogo. Ningefanyaje?

Modeste amenisamehe. Anasema picha imemtoa vizuri.

Doriane ameahidi kuniazima kamera kila Jumanne, kuanzia leo. Kanikabidhi akitabasamu. Tena! Nimeichunguza alasiri nzima, sijaona alipoiharibu. Ni mjanja mno. Akanihimiza nitoke mara tu giza liingiapo, mwezi ukiwa bado chini. Ana haraka ya nini? Mimi nitangoja upande juu kabisa, pale ambapo yeye hawezi kuufikia.

Modeste amenunua mpira mpya. Mrefu zaidi. Ameuacha kwenye baiskeli.