Mungu, Githeri Ibaki

Jumatatu, 2 Februari

Hili sijawahi kumwambia mtu, hata padre: kila mchana naomba watoto wa chekechea wasimalize githeri yao ya mahindi na maharagwe. Mama ndiye mpishi wao hapa Kiirua, na tangu nimalize kidato cha nne mimi ndiye mkubwa wa moto. Watoto wakibakisha, ndoo ya makombo inajaa. Ndoo ikijaa, yule msichana Karambu anakuja kuichukua, ya nguruwe wa shosho, nyanya yake. Ikiwa tupu, haji. Mambo ni hayo tu.

Leo alikuja! Akanisalimia, eti habari yangu. Nikajibu kwamba mimi ni buheri wa afya. Kama insha! Alicheka hadi akaweka ndoo chini. Mama akauliza kama insha imeisha au bado niko kwa salamu.

Jumanne, 3 Februari

Sasa ananiita Buheri. Nimejifunika hilo jina kama blanketi.

Lakini balaa. Mwalimu Igoki, mkuu wetu, amechoka kuona chakula kikitupwa. Amesema atakayemaliza sahani atapigiwa makofi. Wakala kama siafu! Ndoo: maharagwe kidogo na kifungo cha sweta. Karambu akachungulia, akasema haya Buheri, wacha nikimbie. Akakimbia kweli.

Jumatano, 4 Februari

Mpango! Nusu ya watoto wameng'oka meno ya mbele. Mahindi yakiwa magumu watafanyaje? Mama alipoenda kuchota maji nikavuta kuni nje ya jiko, githeri isiive.

Murungi, anayependa chakula kuliko wote, alitafuna punje moja hadi mashavu yakachoka. Akaitema mkononi, akaniuliza pole pole: anko, hii ni ya kupanda? Nilicheka. Kisha nikaona ameenda kulala juu ya dawati bila kula. Nikaacha kucheka.

Lakini ndoo ilifurika! Tuliibeba pamoja hadi langoni, Karambu upande wake, mimi wangu. Nilihema tu. Mchana mzuri kuliko yote.

Alhamisi, 5 Februari

Karambu amerudisha ndoo. Imejaa vile vile. Nguruwe wamekataa! Shosho anauliza ni mpishi gani huyo anayeshindwa hata na chakula cha nguruwe. Mama alikuwa nyuma yangu, mwiko mkononi. Aliuma punje, akatazama jiko, akanitazama mimi. Nikasema kuni za siku hizi ni mbichi.

Mwalimu Igoki ametangaza kuanzia kesho ni wali na ndengu.

Ijumaa, 6 Februari

Sahani zimerambwa. Nilikaa langoni na ndoo hadi watoto wote wakachukuliwa. Njia ya kwao Karambu, vumbi tu. Kila sketi ya buluu ilikuwa yake, mpaka ikaribie. Murungi alinionea huruma. Akasema angenibakishia, ila kilikuwa kitamu.

Jumamosi, 7 Februari

Nimefikiri sana. Nimeona nilipokosea: kuni! Wali hauogopi kuni. Wali unaogopa chumvi. Jumatatu mkono utateleza kidogo tu, ndoo itajaa, na Karambu atakuja. Nguruwe watazoea. Murungi nitamnunulia mandazi. Pakiti ya chumvi tayari ninayo hapa kitandani, na safari hii sioni kitakachoharibika.

Viatu vya Mama uani. Ananiita kwa majina yote, hadi la ubatizo. Anauliza nani ameona chumvi. Yuko mlangoni. Karatasi hizi chini ya godoro, na chumvi nayo, Mungu wangu, imepasu