Sufuria ya Jemedari

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Mbwa wangu amenihama. Jemedari, niliyemlea tangu hajafumbua macho, siku hizi anashinda kwa Gundi, fundi viatu tunayetazamana naye mlango kwa mlango. Mimi nanyoa vichwa vya watu, yeye kalala mlangoni pa Gundi, kajinyoosha kama mwenye nyumba. Wateja wanacheka. Mmoja kaniuliza kama namnyima chakula. Mimi! Nusura nimkate sikio.
Nimetafakari. Gundi anamlisha kitu kwa siri. Hakuna maelezo mengine. Basi na mimi nitapika, na namtaka mbwa wangu arudi!

Jumanne, 4 Juni
Daktari wa mifugo kaja kunyoa ndevu. Nikamhoji wembe ukiwa shingoni, kwa hiyo alijibu vizuri sana. Maini, wali, karoti, malenge. Chumvi marufuku, kitunguu marufuku.
Nikafunga saluni mapema, nikaingia jikoni. Mke wangu akasimama mlangoni akitaka kujua ni lini mikono hii ilijua mwiko, maana tangu tuoane sijampikia hata chai. Nikamweleza kuwa hili ni suala la heshima. Akasema hata chai ni suala la heshima. Nikageukia jiko. Karoti zilikuwa zinaungua.
Chakula kimetoka safi! Nimekifunika kwenye sufuria. Kesho Jemedari atajua baba yake ni nani.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Nimerudi mchana kumchukulia Jemedari chakula chake. Sufuria imekombwa mpaka ukoko. Pembeni kaketi mama mkwe, kaja bila taarifa, anajifuta mdomo.
Kumbe ana presha, na chumvi amekatazwa. Kila anakokwenda wanampakulia mchuzi wa chumvi tele, halafu wanampa pole. Akanishika mikono yote miwili. Akasema hata watoto wake wa kuzaa hawajawahi kumfikiria namna hii. Machozi yakamlenga. Na mimi yakanilenga, ila yangu yalikuwa ya maini.
Mke wangu alikwishakimbilia chumbani. Nilimsikia akichekea mtoni, mto wa kulalia, mpaka akakohoa.
Ningefanyaje? Mkwe ni mkwe. Nikainamisha kichwa, nikasema ni wajibu wangu, mama.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepika sufuria kubwa: nusu ya mkwe, nusu ya mbwa. Akili hiyo! Nikamvuta Jemedari nyumbani kwa kamba, nikamwekea bakuli uani. Akanusa. Akanitazama. Akalamba kidogo, kwa adabu tu, kisha akaondoka zake kwenda kwa Gundi.
Sijavuta pumzi, mama mkwe huyo nyuma yangu, mikono kiunoni. Akauliza, chakula chake nampa mbwa? Kanikosea nini? Nikaapa kuwa mkono uliteleza. Nikaomba radhi, nikaomba tena. Akanisamehe kwa sharti kwamba niendelee kumpikia. Anakaa mpaka mwisho wa mwezi. Mke wangu kafurahi ajabu, anaimba akifua.

Ijumaa, 7 Juni
Nimegeuza kioo cha saluni kielekee kwa Gundi. Mteja akabaki anatazama ukuta. Sharubu zake zimetoka upande mmoja tu, atazoea.
Nimemwona! Hampi mbwa mfupa wala makombo. Anachukua brashi ya viatu, anamsugua mgongo taratibu, huku anampa umbea wa mtaa mzima. Jemedari kafumba macho, mguu wa nyuma unapiga ngoma hewani. Basi, hakuna kingine.
Nimetafakari sana. Siri iko kwenye brashi: kaipaka mafuta ya samaki! Nikaenda kwake na kandambili iliyokatika, nikainusa brashi kwa chati. Inanuka kiwi tupu. Mjanja huyu! Keshafuta ushahidi.

Jumamosi, 8 Juni
Leo samaki. Nimehamishia jiko saluni, mama mkwe asije akanifuma. Nimepanga brashi zangu zote ukutani ili nipate nafasi mezani, nikaanza kutoa miiba.
Jemedari kaja mwenyewe! Bila kamba! Furaha iliyonishika siwezi kuieleza, nusura nimbusu mteja. Kalipita bakuli bila kuligeukia, kakaa chini ya brashi, kaniwekea kichwa gotini. Mkia unafagia nywele sakafuni. Hiyo ni harufu tu, na samaki hata hajaiva!
Akanisukuma mkono kwa pua. Nikamwambia atulie, nampikia. Akanisukuma tena, akaitazama brashi, akanitazama mimi. Nikamwambia asogee, ananichelewesha, na haya yote ni kwa ajili yake. Akashusha pumzi ndefu, akavuka kwenda kwa Gundi.
Si neno. Nimegundua kosa langu: samaki alihitaji malenge zaidi.